Bibi Caroline Thackeray na Shule ya Mbweni

Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma habari za maaskofu na mapadre waliolipanda Kanisa katika nchi hii, nao wastahili kukumbukwa. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za mwanamke mmoja, ambaye kazi yake haikuwa mimbarini bali shuleni. Huyu ni Bibi Caroline Thackeray, aliyekuwa mkuu wa Shule ya Mtakatifu Maria, Mbweni, katika kisiwa cha Unguja. Alifika mwaka wa 1877, akafa palepale mwaka wa 1926. Alikaa kwetu miaka 49, na katika miaka hiyo 25 aliongoza shule ya wasichana waliotolewa utumwani.

Tumependa kuzieleza habari zake kwa sababu twaona ya kuwa jambo alilolihangaikia yeye bado latuhangaisha na sisi. Nalo ni hili: mtu akisha kufunguliwa minyororo, je, amepata uhuru wote, au kumesalia kitu? Na kama kumesalia, nani atampa, na kwa mafundisho gani, ya kitabu au ya kazi ya mikono?

Shamba la Mbweni

Hatuwezi kuzifahamu habari za Bibi Thackeray pasipo kujua kwanza Mbweni ilikuwa mahali gani. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo kwayo Kanisa letu lilizaliwa, iliitika mwito alioutoa Daktari Livingstone huko Cambridge mwaka wa 1857. Askofu Mackenzie na wenzake walikwenda nchi ya mto Shire mwaka wa 1861, wakafanya kituo Magomero. Lakini homa, njaa na vita viliwashinda, naye Askofu akafa mwaka wa 1862. Ndipo Askofu Tozer, pamoja na Daktari Edward Steere, alipoigeuza njia ya Misheni, akaja Unguja mwaka wa 1864.

Hawakukaa sana, Seyyid Majid akawapa watoto watano wa kiume, waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mwaka uliofuata wakaletwa wengine, na wasichana miongoni mwao. Hao ndio wanafunzi wa kwanza wa Misheni. Tuliangalie vema jambo hili, maana shule zetu za leo si hivyo. Mtoto wa leo hupelekwa shuleni na baba yake, na jioni hurudi kwa mama yake. Watoto wale hawakupelekwa na mzazi, wala hawakuwa na pa kurudi jioni. Kwao shule ilikuwa ndiyo nyumba, na mwalimu ndiye baba na mama, wapende wasipende.

Mwaka wa 1871 Askofu Tozer alinunua shamba Mbweni, kando ya bahari, upande wa kusini wa mji, kadiri ya maili nne kwa njia. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia mkono wake katika mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Katika kiwanja kile cha Mkunazini, siku kuu ya Kuzaliwa kwa Bwana mwaka uleule, liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu. Habari hizo watu wengi wazijua. Walakini wengi hudhani ya kuwa siku ile soko lilipofungwa utumwa nao ulikwisha. Haikuwa hivyo. Majahazi yaliendelea kupita usiku kwa siri, na manowari ya Kiingereza iitwayo London ilikaa bandarini Unguja tangu mwaka wa 1874, kazi yake kuyavizia. Mwaka wa 1881 mkuu wa manowari ile, Kapteni Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika kupigana na jahazi moja la namna hiyo.

Kila jahazi lililokamatwa lilileta swali jipya: watu hawa wataishi wapi? Kuwarudisha kwao haikuwa rahisi. Wengi walitoka mbali, Wayao, Wanyasa, Wamakua na makabila mengine, na njia iliyowaleta pwani ilikuwa bado ina watekaji. Balozi wa Kiingereza, Sir John Kirk, aliwatia wengi wao mikononi mwa Misheni. Daktari Steere, aliyekuwa amewekwa kuwa Askofu mwaka wa 1874, akawapa makao Mbweni. Watu wakapewa viwanja vya kujenga nyumba zao na kupanda vyakula vyao, wakafanya na kazi ya shamba la Misheni. Hivyo kikaanza kijiji cha watu ambao hawakuwa na babu mmoja, wala lugha moja, wala mila moja, ila wote walikuwa wamepitia bahari ileile na kamba ileile. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Mwaka wa 1876 Askofu Steere alichukua watu wa Mbweni zaidi ya hamsini, wake kwa waume, akasafiri nao kwenda bara, ili wakakae karibu na nchi zao za zamani. Wakafika Masasi, wakafanya kijiji. Basi ndugu zetu wa Masasi wasomapo habari hizi wajue ya kuwa Mbweni si mahali pageni kwao. Mbegu ya kwanza ilitoka huku.

Kuja kwake

Bibi Thackeray alizaliwa Uingereza mwaka wa 1843. Alikuwa jamaa yake William Makepeace Thackeray, mwandishi wa hadithi ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea nchi zote zisomazo Kiingereza. Kwa hiyo jina alilokuja nalo lilikuwa jina kubwa kwao. Kwetu jina lile halikuwa na maana yo yote. Hapana mtu Mbweni aliyepata kulisikia, na watoto walipolijua walilijua kuwa ni jina la mwalimu wao tu.

Alipofika alikuwa na umri wa miaka 34. Siku zile Mzungu aliyekuja Unguja hakuwa na hakika ya kuona mwaka wa pili. Homa iliua wengi, na wengine walirudi kwao wamedhoofika. Katika makaburi ya Misheni mna vijana waliozikwa kabla hawajaijua hata njia ya kwenda mjini. Mwenye kuja alikuja akijua hayo. Wazee wetu husema ya kuwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huyu hakungoja kupewa, alilishika mwenyewe, na hakulitua mpaka alipokuwa kikongwe.

Shule aliyoikuta ilikuwa nyumba kubwa ya mawe na chokaa, karibu na bahari, yenye ua katikati na kanisa dogo la kusalia. Waliokaa humo walikuwa wasichana waliookolewa majahazini, pamoja na binti za watu waliokaa katika shamba. Wengine walikuwa wadogo mno wakati walipotekwa, hata hawakuweza kusema kwao ni wapi. Nasi hapa tunawaomba wasomaji wasimame kidogo wafikiri. Katika nchi yetu mtu huulizwa kwanza ni mwana wa nani na wa ukoo gani, kisha ndipo huulizwa jina lake. Mtoto asiyeweza kuyajibu maswali haya mawili ni kama mti uliong'olewa. Kumvika nguo ni rahisi, na kumlisha ni rahisi. Kumrudishia mizizi ndiyo kazi.

Kazi na masomo

Mafundisho ya Mbweni yalikuwa kwa Kiswahili, na jambo hili lilikuwa kubwa kuliko lionekanavyo. Askofu Steere alikuwa amekifanyia kazi Kiswahili kwa bidii nyingi tangu alipofika. Kitabu chake cha kufundishia lugha hii kilitoka mwaka wa 1870, na mtambo wa Misheni ulikuwa ukipiga chapa vitabu vya kusomea hapahapa Unguja. Kwa hiyo msichana wa Mbweni aliposhika kitabu mara ya kwanza aliona ndani yake maneno anayoyasema jikoni na uani. Walijifunza kusoma, kuandika, hesabu, na mambo ya dini. Walioendelea sana walifanywa waalimu, wakaanza kwa kufundisha watoto wadogo wa shule ileile. Hivyo mtoto aliyeletwa akiwa ni mali ya kuuzwa, baada ya miaka kadha wa kadha alisimama mbele ya darasa, na watoto wakamwamkia kwa heshima wakamwita mwalimu.

Lakini masomo hayakuwa kitabu peke yake. Wasichana walifundishwa kazi ya mikono pia: kupika, kufua, kushona nguo, kusuka vikapu. Tena kulikuwa na upande wa kazi, nao wasichana ambao vitabu viliwawia vigumu walitiwa huko, wapate ujuzi wa kuwafaa katika maisha yao. Misheni haikutaka mtu atoke Mbweni asiye na kitu cha kufanya kwa akili yake au kwa mikono yake.

Hapa tuna neno la kuwaambia waalimu wenzetu, nasi twalisema kwa sababu lilitupata wenyewe. Katika shule moja tuliyosoma sisi utotoni, mtoto aliyechelewa kengele alipewa jembe, na aliyekosa hesabu alipelekwa shamba la mwalimu akapalilie; bali aliyeshinda mtihani alisamehewa kulima. Hakuna aliyetuambia neno, lakini tukajifunza mafundisho mawili ambayo hayakuandikwa ubaoni: kwamba jembe ni aibu, na kwamba kitabu ni mlango wa kulikimbia jembe. Wengi wetu tulitoka na mafundisho hayo mawili tukayashika kuliko hesabu. Mwaka wa 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipoeleza elimu ya kujitegemea, na kila shule ikatakiwa kuwa na shamba lake, kusudi lake lilikuwa kuliondoa kosa hili. Lakini kosa lililoingia moyoni halitolewi na shamba peke yake, ikiwa mwalimu mwenyewe asimama kivulini.

Je, Mbweni waliliepuka kosa hili? Twajibu kwa haki: waliliepuka kwa sehemu. Kuweka upande mmoja wa vitabu na upande mwingine wa kazi kuna hatari yake, maana watoto hawakawii kuona upande upi wahesabiwa kuwa bora. Walakini tuone pia hali ya watu wale. Mtumwa amefanya kazi tangu utoto wake kwa kulazimishwa, nayo kazi yenyewe imekuwa machoni pake alama ya utumwa. Mtu wa namna hii akisha kuwa huru, jambo la kwanza atakalolitamani ni kukaa bila kazi, kama alivyomwona bwana wake akikaa. Nani awezaye kumlaumu? Basi kumfundisha kwamba kazi yaweza kuwa ya mtu huru, kwamba nguo aliyoishona ni heshima yake na chakula alichokipika ni karama aitoayo, hilo halikuwa fundisho dogo. Lilihitaji mwalimu atakayekaa miaka mingi, si mwaka mmoja au miwili.

Binti za Mbweni na vijana wa Kiungani

Njiani baina ya mji na Mbweni palikuwa na Kiungani, na huko kilikuwako chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho Misheni iliwasomesha humo vijana wanaume ili wawe waalimu na watumishi wa Kanisa. Wao pia wengi walitoka majahazini. Hivyo ilikuwa jambo la kawaida kijana wa Kiungani kumposa binti wa Mbweni. Lakini posa ile ilikuwa na shida yake. Kijana hakuwa na mjomba wa kumpeleka akaseme, wala msichana hakuwa na baba wa kujibu. Misheni ikasimama mahali pa wazee wa pande zote mbili, na mkuu wa shule akawa kama mama mwenye binti wengi kuliko aliowahi kuwa nao mama ye yote.

Ndoa hizo zilijenga Kanisa. Mume alipotumwa kufundisha bara, Magila au Masasi au Newala, mkewe alikwenda naye, na mara nyingi yeye naye akawa mwalimu wa wanawake na wa watoto. Wote twalikumbuka jina la Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza katika Misheni hii kupewa daraja ya upadre, mwaka wa 1890, aliyefanya kazi huko Chitangali. Twakumbuka jina la John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa Seyyid Majid, aliyewekwa kuwa shemasi mwaka wa 1879. Lakini wake wa watumishi wa Kanisa majina yao yameandikwa mara chache, na mafundisho waliyoyafundisha barazani na jikoni hayakuandikwa kabisa. Mwenye kutaka kujua matunda ya shule ya Mbweni asiyatafute Mbweni. Ayatafute vijijini, katika nyumba ambazo bibi mmoja wa zamani aliwafundisha wajukuu wake kusoma.

Hata hivyo safari zile hazikuwa nyepesi. Binti aliyelelewa Unguja alizoea wali na nazi, maji ya kisima na desturi za pwani. Bara alikuta mtama na kinu, shamba la mbali, na majirani wasiokielewa Kiswahili chake. Huenda alikuwa amerudi karibu na mahali alipozaliwa, naye akawa mgeni palepale. Watu wakaanza kuuliza kama Mbweni yawafaa wasichana wanaokwenda bara, au yawalegeza. Swali hili ni lile lile la kitabu na jembe, limevaa nguo nyingine tu.

Uhuru uliopungua

Kitabu cha yubile si kitabu cha sifa tupu. Wazee wetu wa Mbweni walikuwa watu, si picha za ukutani, nao walikuwa na malalamiko yao. Aliyekaa katika shamba la Misheni alikaa chini ya amri za Misheni. Aliyefanya uovu machoni pa mapadre aliweza kuondolewa, naye hakuwa na ardhi nyingine. Wako waliochoka wakaondoka, wakaenda mjini kutafuta riziki kwa njia yao wenyewe. Wasichana nao walilindwa sana. Hawakutoka wapendavyo, na katika jambo la ndoa yao walikuwa na watu wazima wengi wa kulisemea.

Wako wasemao leo ya kuwa huo haukuwa uhuru, ila utumwa wa upole. Sisi hatusemi hivyo, wala hatuwafungi kinywa wasemao. Twataka tu wakumbuke siku zilivyokuwa. Mwaka wa 1890 Seyyid Ali bin Said alikataza watumwa kununuliwa na kuuzwa katika nchi yake. Lakini mtumwa aliyekuwa nyumbani mwa bwana wake alibaki kuwa mtumwa. Mwaka wa 1897 Seyyid Hamoud alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria, na hata hapo mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe barazani kuudai uhuru wake. Tena amri ile haikuwahusu masuria. Wao walingoja mpaka mwaka wa 1909. Basi msichana aliyekuwa Mbweni mwaka wa 1880, akiwa peke yake, hana ndugu, akikutana na mtu mwenye hila njiani, aliweza kupotea jua halijatua, na hakuna ambaye angemtafuta. Kuta za shule zilimzuia asitoke, na kuta zilezile zilizuia watu wa namna hiyo wasiingie. Mambo yote mawili ni kweli, nasi hatuwezi kuchukua moja tukaacha la pili.

Na hapa ndipo tunapoiona kazi ya Bibi Thackeray ilivyokuwa ngumu. Kumlinda mtoto aliyeibiwa, na papo hapo kumfundisha kwamba yu huru, ni mambo mawili yavutanayo. Mzazi ajua mvutano huu. Atakaye kumlinda sana humfunga; atakaye kumwacha huru hukaa usiku hana usingizi. Mwalimu wa Mbweni alikuwa katika mvutano huo kwa ajili ya watoto wengi kwa mara moja, nao si wa damu yake. Hatusemi ya kuwa alipatia kila mara. Twasema ya kuwa hakuwakimbia.

Uzee wake na kufa kwake

Askofu Steere aliyemkaribisha alifariki mwaka wa 1882, akazikwa katika Kanisa Kuu alilolijenga. Mwaka huohuo lilijengwa Kanisa la Mtakatifu Yohana hapo Mbweni, na watu wa kijiji wakawa na kanisa lao. Maaskofu wakapita mmoja baada ya mmoja: Smythies, Richardson, Hine, Weston, hata Birley aliyeanza mwaka wa 1925. Bibi Thackeray aliwaona wote sita. Masultani nao walipita, tangu Seyyid Barghash mpaka Seyyid Khalifa bin Haroub. Unguja ikatiwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka wa 1890. Mizinga ikalipiga jumba la Sultani mwezi wa Agosti 1896. Vita Kuu ikaja ikaisha. Yeye alikuwa Mbweni.

Mwaka wa 1902 aliuacha ukuu wa shule. Mzungu wa siku zile akisha kumaliza kazi yake alirudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu, maana alikuwa amefanya miaka 25 katika nchi ya homa. Yeye hakurudi. Sir John Kirk alikuwa amejenga nyumba hapo Mbweni, akapanda katika bustani yake miti ya namna nyingi kutoka nchi za mbali, maana alikuwa mjuzi wa mimea. Baada ya Sir John kuondoka Unguja, Bibi Thackeray aliinunua nyumba ile, nayo ndiyo iliyokuwa makao yake katika uzee. Hivyo alikuwa jirani wa watu aliowalea. Wasichana aliowafundisha kusoma walikuwa sasa mabibi wenye wajukuu.

Siku za ukuu wa Shule ya Mtakatifu Maria zilikuwa zimepita. Sababu yake ni njema: majahazi ya watumwa yalikuwa yamekwisha, na watoto wasio na kwao hawakuletwa tena. Shule iliyofunguliwa kwa ajili ya mateka haina budi kupungua mateka wakikoma. Twaweza kusema ya kuwa kushuka kwa shule ile ndiko kulikuwa kushinda kwake. Lakini mtu aliyeipa shule miaka yake ya nguvu hawezi kuiona ikinyamaza asione uchungu.

Alifariki mwaka wa 1926, naye akiwa na miaka 83. Akazikwa hapohapo Mbweni, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Yohana, katika udongo wa kijiji kile alichokaa karibu nusu ya karne.

Jambo la kukumbuka

Sisi tulikwenda Mbweni kabla ya kuandika habari hizi. Kanisa la Mtakatifu Yohana liko. Shule ya Mtakatifu Maria ni magofu. Kuta zake za mawe zasimama hazina paa, mizizi ya miti imeingia katika nyufa, na kutoka hapo waisikia bahari. Tulisimama katika kanisa dogo la shule, mahali walipopiga magoti wasichana wale kila siku, tukajaribu kufikiri walikuwa wakiomba nini. Labda waliomba kuonana na mama zao. Hatukuweza kusema neno kwa kitambo.

Kisha tukarudi kwa lile swali tulilolianza. Minyororo hukatwa kwa siku moja. Mahakimu na manowari wanaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini mtu aliyekatiwa minyororo bado hana jina la ukoo, hana kazi aionayo kuwa yake, hana kitabu, hana nyumba, hana wa kumtetea posa ikija. Hayo hayatolewi kwa amri. Hutolewa na mtu akaaye na mwenzake siku baada ya siku, akimfundisha kushika kalamu kwa mkono uleule ushikao mchi. Bibi Thackeray aliyatoa kadiri ya alivyoyaelewa, na pale alipopungukiwa alipungukiwa akiwapo.

Waalimu wenzetu, watoto wetu wa leo hawakutoka majahazini. Lakini wako darasani watoto ambao hapana nyumbani anayewauliza wamejifunza nini. Wako wanaofanyishwa kazi usiku katika nyumba za watu, na asubuhi wanasinzia mbele yetu, nasi twawapa jembe kuwa adhabu. Tuwaulize kwanza wametoka wapi. Tufanye kazi pamoja nao kabla ya kuwaamuru wafanye. Na tukiona kazi hii haina sifa wala mshahara wa kutosha, tukumbuke ya kuwa yuko mmoja aliyeianza akiwa na miaka 34, akafa akiwa na 83, na kaburi lake liko maili chache tu kutoka mjini.

Mwendapo Mbweni na wanafunzi wenu, chukueni mafagio. Makaburi ya wazee wa kijiji kile hufunikwa na majani, na mengine hayana majina. Yafagieni yote, la Bibi Thackeray pamoja na ya wale aliowafundisha, maana walikaa pamoja maishani, wala haifai tuwatenge sasa. Mungu awape raha ya milele, wao wote. Amina.